Anza na Ndoo, Mashine Ije Mwisho

Rafu za duka la vifaa vya magari hupangwa kwa faida ya muuzaji. Chupa za nta na polishi zenye picha ya gari jekundu linalomeremeta huwekwa usawa wa macho. Ndoo, glovu za kuoshea na vitambaa vya maikrofaiba husukumwa chini, kwenye kona ya nyuma. Anayenunua kwa kufuata mpangilio huo hutoka na chupa nne bila kitambaa hata kimoja cha maana. Wiki inayofuata atakuwa anapaka nta ya bei juu ya mikwaruzo ileile, tena kwa fulana kuukuu, na mwezi ukiisha atarudi kuuliza kama kuna chupa yenye nguvu zaidi.

Ushauri wangu ni kununua kwa mpangilio wa kinyume. Fedha ya kwanza iende kwenye vitu vinavyozuia mikwaruzo, ya pili kwenye vinavyotoa uchafu uliong'ang'ania, ya tatu kwenye vinavyolinda rangi. Mashine na kompaundi zije mwisho, na zisipohitajika zisije kabisa. Sababu iko kwenye rangi yenyewe.

Kupolishi ni kusaga

Gari kiwandani hupakwa praima, kisha rangi, kisha kliya, ule utando usio na rangi unaotoa mng'ao na kuikinga rangi na jua. Kwenye magari mengi tunayoagiza kutoka Japani, tabaka zote kwa pamoja huwa na unene wa maikroni 100 hadi 150, na kliya peke yake 35 hadi 50 hivi. Milimita moja ina maikroni 1,000, kwa hiyo kliya ni nyembamba kuliko unywele.

Polishi haizibi mkwaruzo. Husaga kliya ya pembeni mpaka ilingane na kina cha mkwaruzo. Kompaundi kali yaweza kuondoka na maikroni kadhaa kwa mara moja. Polishi laini huondoa moja au pungufu ya hapo. Kilichosagwa hakirudi. Kliya ni akiba ya benki isiyopokea fedha mpya: kila ukipolishi unatoa, na siku ikiisha, jua humalizia kazi. Mabaka meupe yanayobanduka kwenye paa na boneti za magari ya umri mkubwa ndiyo dalili yake, na hapo hakuna chupa itakayosaidia. Dawa ni kupaka upya.

Ijue rangi kabla ya kufungua pochi

Anza kwa kuangalia kama gari lina kliya. Weka tone la polishi laini kwenye kitambaa, cheupe kwa gari la rangi na cheusi kwa gari jeupe, kisha sugua mahali palipojificha kama ukingo wa ndani wa mlango. Kitambaa kikichukua rangi ya gari, basi rangi hiyo ni ya tabaka moja. Toyota nyingi za zamani zenye weupe wa msimbo 040 ni za namna hiyo. Msimbo umeandikwa kwenye kibati kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti. Rangi ya tabaka moja hurudisha mng'ao kwa urahisi, hata kwa mkono, lakini ikikosa ulinzi hufifia na kutoa unga.

Kama gari lilipitia mnada wa Japani, itafute karatasi ya mnada. Kwenye mchoro wa gari kuna herufi: A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa, na XX ni kipande kilichobadilishwa. Penye W au XX kuna uwezekano mkubwa kwamba rangi si ya kiwandani, hivyo usiichukulie kama sehemu nyingine za bodi. Yaweza kuwa nene kuliko kawaida, yaweza pia kuwa laini na kusagika upesi.

Na kama fundi wa hapa nyumbani alishalipaka, muulize alitumia nini. Rangi ya 2K huchanganywa na hadina, hukauka kwa kemikali na huvumilia polishi. Duko hukauka kwa thina kuvukiza tu. Ukisugua kitambaa chenye tone la thina mahali pasipoonekana, duko italainika na kutoka. Rangi ya namna hiyo usiipeleke kwenye mashine. Ipe polishi laini ya mkono na nta. Iliyopakwa karibuni, ya aina yoyote, iache angalau mwezi mmoja kabla ya kuifunika kwa nta.

Fedha ya kwanza: kuosha

Washa tochi ya simu usiku uielekeze kwenye boneti la gari jeusi. Mikwaruzo myembamba utakayoiona ikizunguka mwanga haikuletwa na barabara. Imeletwa na anayelifuta gari kila alfajiri, kwa kitambaa kimoja na ndoo moja, kabla mwenye gari hajaamka. Vumbi letu lina chembe za kwatzi, madini yenye ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs, ilhali kioo cha dirisha ni kama 5.5. Chembe inayoweza kukwaruza kioo haiwezi kuiacha kliya salama ikiburuzwa juu yake. Kabla hujanunua chochote, kataza kufuta gari likiwa na vumbi. Ni bora litoke na vumbi kuliko kufutwa kavu.

Kifaa cha kwanza cha kununua hakipatikani kwenye duka la magari. Nenda duka la pembejeo uchukue kinyunyizio cha lita 5 hivi, kile cha kupampu kwa mkono wanachotumia wakulima wa mboga. Hakikisha ni kipya, kisichowahi kutiwa dawa ya wadudu. Kijaze maji yenye shampuu kidogo, lipulizie gari zima, subiri dakika chache vumbi lilainike, kisha suuza. Sehemu kubwa ya mchanga itakuwa imeshuka kabla mkono haujagusa rangi. Mashine ya maji ya presha hufanya hivyo kwa kasi zaidi, ila isogeze nyuma kama sentimita 30, na usiielekeze mahali ambapo rangi imeanza kubanduka.

Ndoo ziwe mbili, za lita 15 au 20: moja ya maji ya shampuu, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia glovu. Kila moja iwe na wavu wa plastiki chini unaozuia mchanga uliotua usipande tena. Glovu iwe ya maikrofaiba yenye manyoya marefu, kwa sababu manyoya humeza chembe, na sponji bapa huziacha juu juu na kuziburuza. Nunua mbili, ya bodi na ya rimu, za rangi tofauti ili zisichanganywe.

Shampuu iwe ya gari, yenye pH ya 7 au karibu na hapo. Sabuni ya unga ina magadi mengi. Huondoa nta yote uliyoilipia na kukausha mipira ya milango. Sabuni ya maji ya vyombo nayo hung'oa nta. Itumie kwa makusudi tu, mara moja, siku unayotaka kuivua nta ya zamani kabla ya kupolishi.

Taulo la kukaushia halina mbadala, hasa kwa wanaotumia maji ya kisima. Maji ya visima vingi vya Dar es Salaam, hususan karibu na pwani, yana chumvi. Yakikaukia juani huacha madoa ya duara ambayo baada ya siku chache huingia kwenye kliya. Uzito wa maikrofaiba hupimwa kwa gramu kwa mita ya mraba. La kukaushia lichague kuanzia 800, vya kufutia nta na polishi 300 hadi 400. Pendelea visivyo na upindo mgumu pembeni, na lebo ikate kabla ya matumizi. Madoa mapya ya chumvi hutoka kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ikasuuzwa vizuri kabla haijakauka. Vitambaa vifue peke yake bila dawa ya kulainishia nguo, na usivipige pasi.

Ukiishi ghorofani au penye mgawo wa maji, ziko shampuu zisizohitaji kusuuzwa. Kipimo cha kawaida ni kama mililita 30 kwa lita 8 za maji, na kiasi hicho hutosha gari dogo. Zinafaa kwa vumbi. Gari lililotoka kwenye tope lisuuzwe kwanza.

Fedha ya pili: uchafu uliong'ang'ania

Gari likishaoshwa na kukauka, vaa kidoleni nailoni nyembamba ya kufungia mkate na upapase boneti. Nailoni huongeza hisia ya kidole. Ukisikia chengachenga, kuna uchafu uliojishindilia kwenye kliya: chembe za chuma kutoka breki, lami, utomvu wa mti, au rangi iliyorushwa na upepo kutoka kwa fundi wa jirani.

Chuma hutolewa na dawa maalumu ya kunyunyizia, inayobadilika kuwa zambarau inapokutana nacho, na harufu yake mbaya ni ya kawaida. Lami hutolewa na dawa ya lami. Petroli ihifadhi kwa tangi, maana huweza kudhuru rangi laini na plastiki, tena ni hatari ya moto. Kinachobaki huondolewa kwa klei, ule udongo wa kunata. Kata kipande kidogo, lowesha rangi kwa maji ya shampuu, pitisha bila kukandamiza, ukikunja kila upande unapochafuka. Chagua klei iliyoandikwa laini; ile kali huacha ukungu unaolazimisha kupolishi. Kipande kikianguka chini, tupa.

Kinyesi cha ndege na utomvu wa mwembe havisubiri Jumamosi. Vikikaukia juani huiumiza kliya ndani ya siku moja au mbili. Weka garini chupa ndogo ya kunyunyizia na kitambaa kimoja safi kwa ajili hiyo tu.

Fedha ya tatu: ulinzi

Hapa ndipo maneno ya sokoni yanapozidi ukweli, kwa hiyo chagua kwa kuuliza gari linalala na kushinda wapi.

Nta ya karnauba hutoka kwenye majani ya mti wa jamii ya minazi unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili. Ikiwa safi huyeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86 za Selsiasi, lakini ya kopo huwa imechanganywa na mafuta na nta laini. Boneti jeusi likishinda juani laweza kufikia nyuzi 70, basi usitegemee idumu zaidi ya wiki kadhaa. Ni rahisi kupaka, husamehe makosa, na huipendezea sana rangi ya tabaka moja. Inafaa gari linalolala bandani na mwenye gari anayefurahia kazi hiyo.

Silanti za kutengenezwa maabara hudumu miezi minne hadi sita zikipakwa juu ya rangi safi. Za kupuliza zenye silika hukaribia miezi mitatu, na kupaka kwake ni dakika chache baada ya kukausha gari. Kwa gari linaloshinda kwenye maegesho ya ofisi lisilo na kivuli, ningechagua hizi kwanza.

Mipako ya seramiki ya kwenye vichupa vidogo hudumu mwaka au zaidi, lakini ndiyo inayotaka maandalizi magumu kuliko zote. Hufungia chini yake kila mkwaruzo uliouacha. Joto huikausha upesi. Ukichelewa kuifuta huacha mabaka yanayotoka kwa kusagwa tu, na kwa muda wa saa 24 hivi haitakiwi kulowa wala kuguswa na vumbi. Bila banda lenye kuta, usijaribu nyumbani. Wala usitishwe na "9H" iliyoandikwa kwenye boksi: hicho ni kipimo cha ugumu dhidi ya ncha ya penseli, hakihusiani na kile cha Mohs, na hakimaanishi kwamba mchanga hautakwaruza.

Mwisho: mashine na polishi

Ukisha kuosha kwa njia sahihi kwa miezi michache, liangalie gari tena kwa tochi. Kama mikwaruzo bado inakukera, sasa una sababu ya kununua mashine.

Ziko aina mbili. Ya kwanza huzungusha sponji kwenye mhimili mmoja. Hukata haraka, na mikononi mwa mgeni huunguza rangi haraka vilevile, hasa kwenye kingo. Ya pili, inayouzwa kwa jina la DA, huzungusha sponji huku ikiiyumbisha kwenye duara dogo. Ukiikandamiza kupita kiasi, sponji husimama badala ya kuchimba. Kwa kazi ya nyumbani nunua DA yenye myumbo wa milimita 8 hadi 15 na sahani ya milimita 125. Ile ya milimita 21 hufanya kazi upesi kwenye bapa pana, lakini husumbua kwenye bampa na nguzo. Grinda ya chuma isiingie kabisa kwenye mjadala: nyingi huzunguka mara 10,000 hadi 12,000 kwa dakika, wakati mashine ya polishi ya mhimili mmoja hufanya kazi kati ya 600 na 3,000.

Kabla ya kulipa, soma kibati cha umeme. Vifaa vya mitumba kutoka Japani ni vya volti 100, na anavyokuletea ndugu kutoka Marekani ni vya 120. Ukivichomeka kwenye 230 ya Tanzania au 240 ya Kenya bila transfoma, vitaungua papo hapo. Kuhusu LUKU usihofu; mashine ya wati 900 ikifanya kazi saa tatu mfululizo haizidi uniti 2.7. Hofia zaidi waya mwembamba wa ekstensheni uliozungushwa kwenye roli, kwa sababu hushika moto ukiwa umekunjwa. Ufungue wote.

Sponji nunua nne hadi sita, maana moja ikijaa unga wa kliya na joto huacha kukata. Usizichague kwa rangi: ya machungwa kwa kiwanda kimoja ni kali, kwa kingine ni ya wastani. Soma kama ni ya kukata, ya kupolishi au ya kumalizia, na anza na mbili za mwisho.

Kwenye polishi, majina kama Meguiar's, Menzerna, 3M na Farecla yana bidhaa za ngazi tofauti, na namba hazilingani kati yao. Kwa Menzerna, 400 ni kali na 3500 ni ya kumalizia. Kwa Meguiar's, M105 hukata na M205 humalizia. Kama utanunua chupa moja tu, iwe ya kumalizia. Kompaundi ya kupimwa kwenye kopo lisilo na lebo iache hapo hapo dukani: hujui ukali wake wala kilichochanganywa humo. Nyingine zina vijazo vinavyoficha mikwaruzo mpaka mvua ya tatu. Ili usidanganyike, changanya spiriti ya isopropili na maji ili nguvu yake ishuke hadi asilimia 10 au 20, futia sehemu uliyopolishi, ndipo uangalie kwa tochi.

Kisha fanya jaribio. Zungushia tepu ya karatasi eneo la sentimita 50 kwa 50 kivulini, boneti likiwa limepoa. Matone manne madogo ya polishi, sponji laini, kasi ya kati, pita taratibu mara nne. Asilimia 80 ya mikwaruzo ikitoweka, inatosha. Ukiisaka iliyobaki utamaliza kliya ya gari zima kwa ajili ya mistari ambayo hakuna atakayeiona. Isipotosha, panda ngazi moja tu, sponji au polishi, si vyote kwa pamoja. Plastiki nyeusi zisizopakwa rangi zifunike kwa tepu, kwani polishi huziachia weupe unaosumbua kutoa. Na mkwaruzo unaonasa ukucha umeshapita uwezo wa polishi. Huo mwachie fundi rangi.

Taa, dashibodi na tairi

Taa zilizogeuka njano ni polikaboneti iliyopoteza utando wake wa kukinga jua. Msasa wa maji namba 1000, 2000, kisha 3000, halafu polishi, hurudisha uangavu. Dawa ya meno hung'arisha kwa siku chache. Kwa vyovyote, usipoweka mpako wa kuzuia mionzi ya jua, unjano utarudi ndani ya miezi, kwa hiyo nunua seti inayokuja na mpako huo.

Kwenye dashibodi epuka mafuta ya silikoni yanayometameta: hunasa vumbi na kurudisha mwanga kwenye kioo cha mbele. Chagua dawa isiyong'aa. Kwenye tairi, paka ubavuni tu, usiguse sehemu inayokanyaga barabara. Na asipulize mtu dizeli kwenye injini au uvunguni kwa kisingizio cha kung'arisha. Huharibu mipira na kukusanya vumbi jipya.

Mpango wa manunuzi

Safari ya kwanza ya Kariakoo, au ya duka lolote la karibu nawe, inunue kinyunyizio, ndoo mbili zenye wavu, glovu mbili, shampuu, taulo la kukaushia na vitambaa sita. Safari ya pili, baada ya mwezi au miwili: dawa ya chuma, klei laini na silanti moja. Wasomaji wengi wanaweza kuishia hapo, na gari litang'aa kuliko la jirani anayemiliki mashine.

Safari ya tatu ifanywe na tochi. Kama lazima upolishi na hutaki kununua mashine ya kutumia mara moja kwa mwaka, mpe fundi, lakini mpe na masharti: atumie polishi ya kumalizia kwanza, akuonyeshe eneo la jaribio kabla ya kuendelea, na akufutie kwa spiriti mbele yako. Fundi anayejua kazi yake hatakasirika kuulizwa hayo. Anayekasirika, mwondolee gari lako kabla hajawasha mashine.